Stelingi Mwenye Doa: Historia ya Mhusika Mkosefu katika Tamthilia za Televisheni za Marekani

Katika miaka ishirini ya kwanza ya televisheni ya Marekani, waandishi hawakuwa na uhuru wa kuamua wenyewe mhusika mkuu awe na kasoro gani. Chama cha Taifa cha Watangazaji kilipitisha Kanuni ya Televisheni mwaka 1951, na vituo vilivyoikubali vilionyesha muhuri wake kwenye skrini. Kanuni hiyo ilitaka uhalifu usipambwe ukavutia, na wasimamizi wa sheria waonyeshwe kwa heshima. Kujiunga nayo kulikuwa kwa hiari. Lililobana zaidi lilikuwa pesa. Katika miaka ya 1950, kampuni moja ya sabuni, sigara au magari iliweza kudhamini kipindi kizima, na jina lake likatajwa pamoja na jina la kipindi. Mwenye bidhaa hakutaka iuzwe bega kwa bega na mlevi au mzinzi.

Stelingi wa wakati huo alikuwa mtu kama Joe Friday wa Dragnet, mpelelezi wa Los Angeles aliyeigizwa na Jack Webb, kwanza redioni mwaka 1949 na kisha kwenye televisheni kuanzia mwishoni mwa 1951. Kesi zake zilitokana na majalada ya polisi wa jiji hilo, na idara yenyewe ilishirikiana na watayarishaji. Friday hana mke wa kugombana naye wala chupa ya kuficha. Ni mhusika bapa, wa upande mmoja, kama anavyofafanuliwa katika vitabu vya fasihi vya shuleni. Hata pale mhusika mkuu alipokuwa akisakwa na polisi, kama daktari Richard Kimble wa The Fugitive (1963–1967), mtazamaji aliambiwa tangu mwanzo kwamba mtu huyo hakumuua mkewe. Aliruhusiwa kuikimbia sheria kwa sababu hakuwa na hatia.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya kibiashara zaidi. Vipindi vingi vya usiku vilitungwa ili kila kimoja kijitegemee, na vituo viweze kuvirudia kwa mpangilio wowote. Kosa lililofanywa wiki hii halikuacha alama wiki ijayo, na mtu asiyebeba makosa yake hawezi kuitwa mkosefu. Tamthilia za mchana, zile zilizozoeleka kuhusishwa na makampuni ya sabuni, hazikufungwa hivyo. Hadithi zake ziliendelea siku baada ya siku tangu enzi za redio, na zilijaa waongo, wasaliti na watoto wa nje ya ndoa. Wahakiki walizidharau kwa kuwa watazamaji wake wengi walikuwa akina mama wa nyumbani. Hata hivyo, ujuzi wa kumfuata mtu mmoja na dhambi zake kwa miaka mingi ulikomazwa huko, na tamthilia za usiku ziliuazima bila kushukuru.

Ufa wa kwanza mkubwa ulionekana kwenye vichekesho. Tarehe 12 Januari 1971 kampuni ya CBS ilianza kurusha All in the Family, iliyotayarishwa na Norman Lear kwa kufuata kipindi cha BBC, Till Death Us Do Part. Archie Bunker, aliyeigizwa na Carroll O'Connor, ni mfanyakazi wa mtaa wa Queens, New York, anayewabeza Weusi, Wayahudi, wanawake na mkwewe mwenyewe, tena kwa sauti ya juu na kwenye kiti chake cha enzi sebuleni. CBS iliingiwa na hofu kiasi cha kutanguliza tangazo lililoeleza kwamba kipindi kilikusudia kuyacheka mapungufu ya watu. Kwa misimu mitano mfululizo kikaongoza kwa idadi ya watazamaji nchini humo.

Lear alikusudia Archie achekwe. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha utafiti uliowahusu watazamaji wa Marekani na Kanada, na matokeo yake hayakumpendeza kila mtu: watazamaji wenye ubaguzi zaidi ndio walioelekea kumpenda Archie na kumwona msema kweli. Kila upande ulicheka, lakini haukucheka jambo lile lile. Tangu hapo, historia ya mhusika mkosefu imekuwa na mikono miwili inayovutana: mwandishi anayemchora mtu ili apimwe, na mtazamaji anayempenda bila kumpima.

Mvutano huo ulitoa faida kubwa kwenye Dallas, iliyoanza Aprili 1978. Mtunzi wake, David Jacobs, aliweka katikati mapenzi ya Bobby Ewing na Pamela Barnes, watoto wa koo mbili zenye uhasama wa mafuta huko Texas. J.R., kaka mkubwa wa Bobby, alikuwa mtu wa kando. Larry Hagman alimwigiza kwa tabasamu pana na roho mbaya iliyofurahia kazi yake, na misimu haikwenda mbali kabla kipindi chote hakijahamia kwake. Tarehe 21 Machi 1980 J.R. alipigwa risasi na mtu asiyeonekana. Mgomo wa waigizaji uliahirisha jibu hadi 21 Novemba, na usiku huo watu wapatao milioni 83 nchini Marekani waliketi kusubiri jina la aliyemfyatulia. Lakini J.R. hakuwa mhusika duara. Hakuwa na jeraha lolote la ndani. Alikuwa adui aliyepandishwa cheo kwa sababu watu walichoka na watu wema.

Hill Street Blues, iliyoanza NBC Januari 1981, ilifanya kazi ngumu zaidi bila makelele. Steven Bochco na Michael Kozoll waliiweka kwenye kituo cha polisi cha jiji lisilotajwa jina, wakaiendesha kwa visa vinavyopishana na kuvuka kutoka kipindi kimoja hadi kingine. Mkuu wa kituo, Frank Furillo, ni mlevi aliyeacha pombe. Mpelelezi J.D. LaRue bado anakunywa na kulipa kwa kazi yake. Watazamaji walikuwa wachache mno mwaka wa kwanza, lakini walikuwa vijana wa mijini wenye kipato, wale hasa ambao watangazaji wa biashara walikuwa wakiwatafuta. NBC ikakibakiza kipindi, nacho kikapata tuzo nane za Emmy kwa msimu ule wa kwanza. Hapo hesabu ilibadilika: haikuwa lazima tena kumridhisha kila mtu. Kanuni ya mwaka 1951 nayo iliachwa miaka michache tu baadaye, baada ya serikali kuishtaki kwa kubana ushindani.

Bochco alirudi mwaka 1993 akiwa na David Milch na NYPD Blue. Katika kipindi cha kwanza, mpelelezi Andy Sipowicz anaonekana akiwa mlevi, mbaguzi na mtukanaji, kisha anapigwa risasi akiwa na kahaba. Vituo 57 vilivyoshirikiana na ABC vilikataa kukirusha, huku vikundi vya kidini vikiwashinikiza watangazaji wa biashara wajitoe. Nyota aliyekusudiwa alikuwa David Caruso, ambaye aliondoka mapema msimu wa pili. Sipowicz, mnene, mwenye kipara na hasira, akabaki kuwa nguzo kwa misimu 12. Dennis Franz alipata Emmy nne kwa kumwigiza. Sipowicz alibadilika polepole: aliacha pombe, akarudi kunywa, akaacha tena, akazika mtoto na mke, na ubaguzi wake ukapungua bila kwisha kabisa. Ni wahusika wachache wa televisheni ya matangazo ya biashara waliopewa muda mrefu namna hiyo wa kujirekebisha. Na huo ndio uliokuwa mpaka: kwenye kampuni kubwa kama ABC na NBC, mkosefu aliruhusiwa mradi anaelekea kwenye toba.

Mpaka huo ulivukwa na HBO, kampuni ya kebo iliyoanzishwa mwaka 1972 na kuishi kwa ada za kila mwezi. Haikuwa na matangazo ya biashara, kwa hiyo hakukuwa na mdhamini wa kuogopa. Isitoshe, mteja wake hakulazimika kupenda kila kitu; ilitosha aone kuna jambo moja ambalo hawezi kulipata pengine. The Sopranos ya David Chase, iliyokataliwa na Fox, ilianza huko tarehe 10 Januari 1999. Tony Soprano, aliyeigizwa na James Gandolfini, ni bosi wa genge la kihalifu New Jersey anayezirai kwa wasiwasi na kuanza kwenda kwa daktari wa akili, Jennifer Melfi.

Kipindi cha tano, “College”, ndicho kilichoamua mwelekeo. Tony anamzungusha bintiye Meadow kwenye vyuo vya Maine. Njiani anamwona mtu aliyewahi kulisaliti genge na sasa anaishi kwa jina jingine. Anamvizia, anamnyonga kwa waya mchana kweupe, kisha anarudi kumchukua mtoto wake. Chris Albrecht, mkuu wa vipindi vya HBO, aliona hatari: mhusika mkuu anaua kwa mikono yake wakati watazamaji ndio kwanza wameanza kumpenda, nao wangeweza kumgeuka. Chase alijibu kwamba Tony akimwacha hai msaliti, watazamaji hawatamwamini tena kuwa yeye ni nani. Mapatano yalikuwa kumfanya msaliti awe mbaya kidogo zaidi. Mauaji yakabaki, na mswada huo ukapata Emmy. Muhimu zaidi kuliko tuzo ni kwamba watazamaji hawakumgeuka Tony. Chase alikuwa ameshinda hoja yake, na ushindi huo ungemsumbua kwa miaka minane.

Kadiri misimu ilivyosonga, Chase alimwongezea Tony uovu, na mapenzi ya watu hayakupungua. Karibu na mwisho, Melfi anasoma utafiti unaosema kwamba tiba ya mazungumzo huwanoa tu wahalifu wa aina ya Tony, wenye huruma kwa wanyama na watoto na ukatili kwa wengine wote. Anamfungia mlango. Ni vigumu kutouona hapo ujumbe kwa waliokaa sebuleni: nao walikuwa wamemsikiliza Tony kwa saa nyingi, wakijiambia kwamba kumwelewa ni sawa na kumbadilisha. Tarehe 10 Juni 2007 hadithi ilikatika kwenye skrini nyeusi, na wengi walidhani kebo imeharibika. Waliotaka Tony afe na waliotaka apone walinyimwa kwa pamoja.

Mlango ukiisha kufunguliwa, wengi hupita. The Shield ya FX (2002–2008) ilichota kutoka kwenye kashfa ya kitengo cha polisi cha Rampart, Los Angeles. Vic Mackey anamuua polisi mwenzake kipindi cha kwanza tu, kwenye kituo ambacho bado kiliuza matangazo. Mad Men ya Matthew Weiner, aliyeajiriwa na Chase baada ya kumtumia mswada wa kipindi chake cha kwanza, ilimleta mwaka 2007 Don Draper, mtu anayeishi kwa jina la marehemu. The Wire (2002–2008) inastahili kutengwa na kundi hili. David Simon, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, na Ed Burns, aliyekuwa polisi na mwalimu, waliwapa watu wao kasoro za kila aina, lakini lawama kubwa waliielekeza kwa taasisi: polisi, bandari, siasa, shule, magazeti. Ulevi wa mpelelezi McNulty unaangamiza ndoa. Takwimu za idara yake zinaangamiza mtaa.

Breaking Bad (2008–2013) iligeuza mpango wa Sipowicz kichwa chini. Vince Gilligan alitaka mtu mwema aanguke mbele ya macho ya watu, ngazi kwa ngazi. Walter White ni mwalimu wa kemia wa Albuquerque anayeugua saratani ya mapafu na kuanza kupika dawa za kulevya ili aiachie familia pesa. Kituo cha AMC kilisita kumpa nafasi hiyo Bryan Cranston, aliyejulikana kwa vichekesho. Gilligan aliwaonyesha kipindi cha The X-Files cha mwaka 1998 ambamo Cranston alikuwa mbaguzi mwenye kinyongo ambaye mtazamaji hujikuta akimhurumia.

Kipimo cha Walter kiko mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Katika msimu wa kwanza, rafiki zake wa zamani matajiri wanajitolea kulipia matibabu yote. Anakataa. Kuanzia hapo, hoja ya familia ni kisingizio. Kasoro yake ni kiburi, na kila maiti inayofuata imepitia mlango huo. Hata hivyo, sehemu ya mashabiki walielekeza chuki yao kwa mkewe, Skyler, aliyemwuliza pesa zimetoka wapi. Agosti 2013 mwigizaji Anna Gunn aliandika katika New York Times kuhusu chuki hiyo, iliyokuwa imemfikia hadi yeye binafsi. Mwaka uliofuata mhakiki Emily Nussbaum aliwaunganisha mashabiki wa aina hiyo na wale waliomshangilia Archie Bunker miaka 40 nyuma.

Kisa cha Skyler kinaonyesha pia ni nani aliyepewa haki ya kuwa na doa. Wanawake wakosefu walikuwepo: Christine Cagney wa Cagney & Lacey na ulevi wake miaka ya 1980, Patty Hewes wa Damages, Carrie Mathison wa Homeland. Lakini msamaha waliopata ulikuwa mdogo. Elizabeth Jennings wa The Americans (2013–2018), jasusi wa Kisovieti anayeua huku akilea watoto karibu na Washington, alisifiwa sana na wahakiki na kutazamwa na wachache.

Gilligan mwenyewe, akiwa na Peter Gould, alirudi kwenye ulimwengu huo huo kupitia Better Call Saul (2015–2022), inayomhusu Jimmy McGill, wakili mjanja anayejiita Saul Goodman. Safari hii waandishi hawakumwachia mtazamaji hukumu. Katika kipindi cha mwisho, Saul ameshajadiliana na waendesha mashtaka na kupata kifungo kisichofika miaka minane. Mahakamani, mbele ya Kim Wexler, aliyekuwa mke wake, anakiri yote kwa hiari yake, anarudia kutumia jina lake la McGill, na anahukumiwa miaka 86.