Sugar: kompyuta inayomfaa mtoto anayeanza
Wazazi wengi huogopa kumpa mtoto kompyuta, asije akafuta kitu. Leo tunawaeleza kuhusu Sugar, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi. Ilianzia kwenye kompyuta ndogo za XO, ambazo Rwanda iligawa kwa maelfu shuleni. Tangu 2008 inaendelezwa na Sugar Labs, nayo ni ya bure.

Ukiiwasha, katikati ya skrini utaona alama ya mtu: huyo ndiye mtoto mwenyewe. Picha zinazomzunguka ni shughuli, kama kuandika, kuchora na kupiga hesabu. Mtoto hubonyeza picha moja, akaanza. Kazi hujihifadhi yenyewe kwenye daftari la kumbukumbu, na kesho anaendelea alipoishia. Ipo pia sehemu ya majirani, ya kufanya kazi pamoja na wenzake walio kwenye mtandao mmoja.

Si lazima kununua kompyuta mpya. Sugar huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi, bila kufuta vilivyomo ndani ya kompyuta. Shule yenye kompyuta moja kuukuu inaweza kuanzia hapo.