Akupancha na presha ya kupanda

Akupancha ni tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili. Miongoni mwa maradhi ambayo imedaiwa kuyatuliza ni presha ya kupanda, yaani shinikizo la damu linalofika au kuzidi 140 kwa 90 kila mtu anapopimwa akiwa ametulia. Kwa miongo kadhaa sasa watafiti, hasa wa China na Marekani, wamefuatilia jinsi mchomo wa mkononi au mguuni unavyoweza kuufikia moyo kwa kupitia ubongo. Njia hiyo imechorwa vizuri. Kwamba mgonjwa hupata nafuu ya kudumu ni jambo jingine, na ushahidi wake ni dhaifu zaidi.

Presha katika Nile Magharibi

Ili kuona presha inavyowagusa watu wa kawaida, tuanzie Oraba, kituo cha mpakani katika Wilaya ya Koboko, eneo la Nile Magharibi, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kinatazamana na mji wa Kaya wa Sudani Kusini, na mpaka wa Kongo hauko mbali. Wenyeji wengi ni Wakakwa, kabila lililogawanywa na mipaka hiyo kati ya nchi tatu. Barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko huishia hapo. Mapigano yalipozuka upya Sudani Kusini mwaka 2016, Oraba ilikuwa moja ya milango ambayo wakimbizi waliingilia Uganda.

Utafiti wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wazima wana presha ya kupanda. Kanda ya kaskazini, ambayo Nile Magharibi imo ndani yake, ilikuwa na asilimia 23.3, kiwango cha chini kuliko kanda nyingine zote. Hata hivyo, mtu mmoja kati ya wanne au watano si haba. Tarakimu inayotisha zaidi ni nyingine: kati ya waliokutwa na presha, asilimia 7.7 tu ndio waliokuwa wakijua kwamba wanayo.

Mambo hayakuwa hivi siku zote Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari Mwingereza C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwake katika miaka miwili hakumwona hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Miongo kadhaa baadaye, mtafiti Neil Poulter na wenzake waliwafuata Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, wakakuta presha zao zimepanda katika miezi ya mwanzo tu ya maisha ya mjini. Taarifa yao ilitoka mwaka 1990. Chumvi ilikuwa imeongezeka mwilini, potasiamu imepungua na uzito umepanda. Lakini hata mapigo ya moyo yalikuwa yamekwenda kasi, na watafiti wakaona hapo dalili ya mishipa ya fahamu kuchachamaa. Kwa maneno mengine, chakula kilikuwa na lawama, na ubongo nao ulikuwemo.

Ubongo unavyoishika presha

Chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna sehemu iitwayo medula. Upande wake wa mbele, kidogo pembeni, limo fungu dogo la seli ambazo hazilali. Seli hizo hutuma amri kupitia uti wa mgongo hadi kwenye neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kwa vita au mbio. Amri ikiongezeka, mishipa ya damu hubana, moyo hupiga kwa nguvu, na figo hutoa renini, kemikali inayoanzisha mlolongo wa kubakiza chumvi na maji mwilini. Amri ikipungua, vyote hulegea.

Seli hizo hazijiamulii mambo peke yake. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo kuna vihisio vinavyotoa taarifa kila moyo unapopiga, na presha ikipanda ghafla taarifa hizo huzituliza seli za medula. Kutoka juu, hipothalamasi huleta habari za hofu, hasira, maumivu na baridi. Mtu aliyevuka mpaka usiku akiwa na watoto, kisha akapimwa presha asubuhi, anapimwa pamoja na usiku wake wote. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa.

Sindano inavyopita

Msomaji anaweza kuipata sehemu maarufu kuliko zote kwenye mkono wake mwenyewe. Geuza kiganja kitazame juu, kunja kifundo kidogo, na kano mbili zitajitokeza katikati ya mkono. Pima upana wa vidole gumba viwili kutoka kwenye mkunjo wa kifundo kuelekea kiwiko, kati ya kano hizo. Hapo Wachina hupaita Neiguan, na chini yake hupita neva kubwa ya katikati ya mkono. Sehemu ya pili, Zusanli, iko mguuni, upana wa vidole vinne chini ya goti, nje kidogo ya mfupa wa muundi. Nayo imekaa juu ya neva iliyo ndani ya mguu. Sindano ikifika barabara mgonjwa husikia uzito na ganzi inayosambaa, si maumivu makali. Katika maabara sindano huunganishwa na umeme mdogo wa mapigo mawili kwa sekunde, na huenda vidole vikarukaruka taratibu.

Kazi kubwa ya kuchora njia kutoka hapo hadi ubongoni ilifanywa na John Longhurst, Peng Li na wenzao katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Walitumia paka na panya waliolazwa kwa dawa ya usingizi, kisha wakaipandisha presha yao kwa makusudi, kwa mfano kwa kulijaza tumbo la panya hewa. Ishara za sindano zilipanda kupitia nyuzi nyembamba za neva hadi kwenye kiini kimoja cha hipothalamasi, zikashuka hadi kwenye utando wa kijivu unaouzunguka mfereji wa ubongo wa kati, zikapita katika viini vinavyotoa serotonini, na mwisho zikatua kwenye zile seli za medula zisizolala. Huko zilikutwa endofini na enkefalini, afyuni za mwili wenyewe, pamoja na gaba, kemikali inayonyamazisha seli za ubongo. Watafiti walipodondosha katika medula dawa inayozizuia afyuni hizo, sindano haikufua dafu tena.

Mambo mawili katika kazi hiyo yanastahili kukumbukwa. La kwanza, kwa mnyama mwenye presha ya kawaida sindano haikuishusha. Ilipunguza tu ile iliyopandishwa. La pili, athari haikukatika umeme ulipozimwa, bali iliendelea kwa muda. Katika panya waliopandishwa presha kwa kuwekwa kwenye baridi, kurudia tiba hiyo kuliongeza utengenezaji wa enkefalini katika medula.

Matokeo kwa binadamu

Hapa ndipo mchoro mzuri unapoanza kufifia. Mwaka 2006 zilitangazwa habari za jaribio la SHARP la Marekani, lililokuwa na wagonjwa 192. Waliochomwa sindano za kweli walishuka wastani wa milimita 3.6 hivi za zebaki katika kipimo cha juu, na waliochomwa sindano za bandia wakashuka 3.8. Mwaka uliofuata jaribio la Ujerumani lenye wagonjwa 160 lilipata matokeo tofauti: baada ya vikao 22 katika wiki sita, presha ya saa 24 ilishuka kama milimita tano kwa tatu. Miezi mitatu baada ya vikao kwisha, nafuu hiyo haikuwepo tena.

Kundi la Irvine lilitoa jaribio lake mwaka 2015, likiwa na wagonjwa 65 wenye presha ya wastani ambao hawakuwa wakitumia dawa. Waliopata umeme kwenye mkono na mguu, dakika 30 mara moja kwa wiki kwa wiki nane, walishuka kiasi cha milimita sita hadi nane katika kipimo cha juu, lakini kwa asilimia 70 tu kati yao. Renini katika damu yao ilipungua pia, jambo linaloafikiana na njia ya ubongoni. Kisha mwaka 2018 wakaguzi wa Cochrane walikusanya majaribio 22 yenye watu 1,744, wakasema hawakuona ushahidi kwamba akupancha huishusha presha kwa muda mrefu.

Ugumu mmojawapo ni sindano ya bandia yenyewe. Kidonge cha unga mtupu ni rahisi kukitengeneza. Mchomo usiofika ubongoni ni vigumu, kwa sababu ngozi yote ina neva. Watetezi wa akupancha huutumia ugumu huu kama kinga, na wana hoja. Lakini kama sindano yoyote popote inafanya kazi sawa na nyingine, ramani ya Neiguan na Zusanli haina maana kubwa. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mapema miaka ya 2000 iliiweka presha ya kupanda na presha ya kushuka pamoja kati ya maradhi ambayo akupancha imethibitishwa kuyatibu. Ukarimu huo unatosha kumfanya msomaji aisome kwa tahadhari.

Tiba hii Afrika Mashariki

Akupancha ililetwa hasa na madaktari wa serikali ya China: Zanzibar tangu 1964, Tanzania Bara tangu 1968, na Uganda tangu 1983. Timu za Uganda hutoka mkoa wa Yunnan. Zilikaa Jinja kwa miaka mingi kabla ya Hospitali ya Urafiki ya China na Uganda kufunguliwa Naguru, Kampala, mwaka 2012. Mkondo wa pili ulitoka Magharibi. Mradi wa PanAfrican Acupuncture Project, ulioanzishwa na Mmarekani Richard Mandell, umewafundisha wahudumu wa afya wa Uganda kutumia sindano. Shirika la Moxafrica la Uingereza, pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere, lilijaribu kuchoma vibonge vidogo vya majani ya artemisia juu ya ngozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na mahali palipochaguliwa ni pale pale Zusanli. Mwaka 2019 Uganda ilipitisha sheria ya kuwasajili na kuwasimamia watoa tiba za asili na tiba mbadala.

Kwa mkazi wa Oraba, kwenda Kampala kila wiki kwa wiki nane ni safari ya mamia ya kilomita kwa ajili ya milimita sita. Anayechomwa popote pale aone sindano ikitolewa kwenye pakiti iliyofungwa na kutupwa baada ya kutumika, kwa kuwa homa ya ini aina ya B imeenea kaskazini mwa Uganda. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema.

Wala si lazima kwenda mbali ili kuipitia njia ya ubongo. Methildopa, ambayo wajawazito wengi wa Afrika Mashariki huijua kwa jina la Aldomet, hufanya kazi humo humo katika shina la ubongo: hupunguza amri zinazotoka medula, mishipa ikalegea. Klonidini hupita njia hiyo hiyo, na anayeiacha ghafla presha yake huweza kuruka juu kupita ilivyokuwa mwanzo. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayeongeza sindano juu ya vidonge huendelea kumeza vidonge vyake na kupimwa kama kawaida, na ni daktari aliyeviandika ndiye anayevipunguza.