Mpanda Pikipiki, Chombo Chake na Majina Yake: Somo la Mwaka 1961

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wafasiri, yako yanayoonekana madogo hata mtu akadhani kwamba jibu lake ni la neno moja tu. Swali la namna hiyo lilitufikia kutoka kwa mfasiri aliyekabidhiwa maandishi juu ya historia ya mashindano ya pikipiki. Aliomba istilahi nne: jina la mtu anayeshindana, jina la injini ya aina fulani, jina la bomba lake la moshi, na neno la kueleza kitendo cha mshindani mmoja aliyeondoka nchini mwake mwaka 1961. Tulipokaa kumjibu, tuliona kwamba hakuna hata moja kati ya hizo nne inayoweza kuamuliwa kabla ya kuijua historia yenyewe. Katika makala haya tunaieleza historia hiyo kwa ufupi, kisha tunatoa mapendekezo yetu, ili wasomaji wayapime.

Chanzo cha mashindano

Mashindano ya pikipiki yenye sifa kubwa kuliko yote ya zamani yalianza tarehe 28 Mei 1907 katika Kisiwa cha Man, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ayalandi. Kisiwa hicho hakikuchaguliwa kwa uzuri wa barabara zake. Sheria za Uingereza za wakati ule ziliweka kikomo cha mwendo wa maili 20 kwa saa, na hazikuruhusu barabara za umma zifungwe kwa ajili ya mashindano. Man, kwa kuwa ina bunge lake yenyewe, iliweza kuruhusu. Tangu mwaka 1911 mashindano hayo yalipelekwa kwenye njia ya mlimani, ambayo mzunguko wake mmoja ni karibu kilometa 60.

Mwaka 1949 Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo lilianzisha Ubingwa wa Dunia. Vyombo viligawanywa kwa madaraja kufuata ujazo wa silinda: sentimita za ujazo 125, 250, 350 na 500. Yafaa msomaji aikumbuke hesabu hii, maana ndiyo iliyowafanya wahandisi wahangaike. Kwa kuwa ukubwa wa silinda uliwekewa mpaka, njia pekee ya kumshinda mwenzako ilikuwa kupata nguvu zaidi kutoka katika ujazo ule ule.

Katika miaka ya 1950 waliotawala walikuwa Waitalia na Waingereza, nao walitumia injini za mapigo manne. Wajapani walitokea baadaye: Honda ilifika Kisiwa cha Man kwa mara ya kwanza mwaka 1959, na Suzuki mwaka 1960. Afrika nayo haikukosa wawakilishi. Gary Hocking, aliyekulia Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, alitwaa ubingwa wa madaraja mawili mwaka 1961 kwa chombo cha MV Agusta. Na Jim Redman, aliyeishi nchi hiyo hiyo, alitwaa mataji sita kwa vyombo vya Honda kati ya mwaka 1962 na 1965.

Injini ya Zschopau

Wakati huo huo, katika mji mdogo wa Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, kilikuwako kiwanda cha MZ. Hakikuwa tajiri, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vipuri vizuri vilikuwa vya shida. Lakini kilikuwa na mhandisi aitwaye Walter Kaaden, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika miradi ya silaha za kurushwa angani. Kaaden alijitolea kuiendeleza injini ambayo wengi waliidharau kwamba inafaa pikipiki za bei ndogo tu, nayo ni ile ya mapigo mawili.

Hapa hatuna budi kueleza kazi ya mtambo wenyewe. Katika injini ya mapigo manne, pistoni hushuka ikivuta mchanganyiko wa petroli na hewa, hupanda ikiushindilia, hushuka tena ikisukumwa na mwako, kisha hupanda mara ya pili ikiutoa moshi. Ni miendo minne kwa mwako mmoja. Katika injini ya mapigo mawili kazi hizo zote hukamilishwa kwa miendo miwili tu, kwa hiyo mwako hupatikana katika kila mzunguko. Kwa hesabu ya karatasini, injini hiyo ingepaswa kutoa nguvu mara mbili. Kwa kweli haikutoa, kwa sababu tundu la kuingizia mchanganyiko na tundu la kutolea moshi huwa wazi kwa pamoja kwa muda, na sehemu ya mchanganyiko mpya huponyoka pamoja na moshi kabla haijawaka.

Kaaden alilitafutia tatizo hilo dawa katika bomba la moshi. Mwako unapotoka hutuma wimbi la mgandamizo ndani ya bomba. Pale bomba linapopanuka, sehemu ya wimbi hurudi ikiwa na mvuto, nao husaidia kuufyonza moshi. Pale linapobanwa tena, wimbi hurudi likiwa na msukumo, nao huurudisha ndani ya silinda ule mchanganyiko mpya uliokuwa ukiponyoka, muda mfupi kabla tundu halijafungwa. Wengine walikwisha lijaribu bomba la namna hiyo kabla yake. Sifa ya Kaaden ni kulipima na kulirekebisha kwa uvumilivu wa miaka, pamoja na kutumia kisahani chenye kuzunguka kilichofungua na kufunga njia ya kuingizia mchanganyiko kwa wakati barabara. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi zipatazo 25, maana yake farasi 200 kwa kila lita. Hakuna injini iliyovuta hewa bila kusaidiwa na pampu iliyokuwa imefikia kiasi hicho kabla yake.

Tukio la Kristianstad

Mshindani mkuu wa MZ alikuwa Ernst Degner. Huyu hakuwa mtu wa kukabidhiwa chombo asubuhi na kukirudisha jioni. Alikuwa amesomea uhandisi, alishiriki katika kazi ya kuiendeleza injini, na aliijua kama fundi aijuavyo kazi ya mikono yake. Mwaka 1961 aliongoza katika ubingwa wa daraja la 125. Mwezi Septemba alishinda Monza, Italia, na tarehe 17 ya mwezi huo alifika Kristianstad, Sweden, taji likiwa karibu mno. Uwanja huo haukuwa mgeni kwa MZ, kwani miaka miwili kabla yake Hocking alishinda hapo daraja la 250 kwa chombo cha kiwanda hicho hicho.

Yafaa tukumbuke kwamba Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanza kujengwa tarehe 13 Agosti, wiki tano tu kabla ya siku hiyo. Degner alianza mbio akiwa mbele, na injini yake ikaharibika mapema. Baada ya mashindano hakurudi Zschopau. Alipitia Denmark akaingia Ujerumani ya Magharibi. Mkewe na watoto wao walikuwa wamevushwa kwa siri kutoka Berlin ya Mashariki, wakiwa wamefichwa ndani ya sehemu ya mizigo ya gari. Taji la mwaka ule lilikwenda kwa Tom Phillis wa Australia, aliyepanda Honda.

Kisha Degner alikwenda Hamamatsu, Japani, akafanya kazi na wahandisi wa Suzuki. Kampuni hiyo, ambayo mwaka 1961 haikuwa imepata ushindi wowote wa maana, mwaka 1962 ilishinda Kisiwa cha Man na kutwaa ubingwa wa dunia wa daraja jipya la sentimita za ujazo 50, na aliyepanda mara zote mbili alikuwa Degner. Ujuzi wa Zschopau ulikuwa umehamia Japani. Mwaka 1975 Giacomo Agostini, akiwa na Yamaha, alikuwa wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la 500 kwa injini ya mapigo mawili. Miaka miwili iliyofuata Barry Sheene aliutwaa kwa Suzuki yenye visahani vya kuzunguka. MZ yenyewe haikupata kamwe taji la dunia katika mbio hizo. Degner aliungua vibaya katika ajali ya Suzuka mwaka 1963, akafariki mwaka 1983. Kona mojawapo ya uwanja wa Suzuka ina jina lake hadi leo. Enzi ya mapigo mawili katika daraja la juu ilianza kufungwa mwaka 2002, sheria zilipobadilishwa kwa manufaa ya injini kubwa zaidi za mapigo manne, na mwaka 2012 daraja dogo nalo likafuata.

Majina

Sasa turudi kwa mfasiri wetu na maneno yake manne.

La kwanza ni mshindani mwenyewe. Wengi husema dereva, na katika kazi ya bodaboda neno hilo limekwisha kukubalika. Hatuna nia ya kulipinga. Lakini dereva ni mtu aketiye ndani ya chombo akakiongoza kwa usukani. Pikipiki iendayo kasi haigeuzwi kwa usukani peke yake. Hulazwa kwa uzito wa mwili, kama vile farasi anavyoongozwa kwa magoti na mgongo wa aliyempanda. Tena wapanda vyombo vya mapigo mawili walizoea kuweka vidole juu ya mkono wa klachi wakati wote, wakiisikiliza injini, kwa sababu pistoni iliweza kukwama ghafula na kuwarusha chini. Kwa mtu wa kazi hiyo tunapendekeza mpanda pikipiki, kwa mfano wa mpanda farasi, neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani.

La pili ni injini. Pikipiki nyingi ndogo za Kijapani zilizoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa za mapigo mawili, na mwenye nazo aliijua tofauti kwa sababu ilimbidi oili ichanganywe na petroli. Neno mapigo limeenea, nalo libaki. Ila lina hatari yake: mwanafunzi asikiaye pigo hudhani ni mshindo wa mwako, akahesabu kwamba injini ya mapigo manne huwaka mara nne na kwa hiyo ni kali zaidi. Ukweli ni kinyume chake. Kwa hiyo tunaomba kila kitabu cha ufundi kitoe fasili hii: pigo ni mwendo mmoja wa pistoni kutoka ncha moja ya silinda hadi ncha ya pili.

La tatu ni bomba la Kaaden. Mfasiri wetu alikuwa ameandika chumba cha upanuzi, akifuata maneno ya kigeni moja moja. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba kuna chumba kinachopanuka, na hakuna kitu kama hicho. Sifa ya bomba lile ni kurudisha kilichoponyoka. Tunapendekeza ekzosi rudishi, jina linalosema kazi ya kitu na kuliacha umbo lake.

La nne ndilo zito. Degner alifanya nini? Mfasiri alikuwa na maneno matano mbele yake: alihama, alikimbia, alitoroka, aliasi, alisaliti. Serikali ya Ujerumani ya Mashariki ilikihesabu kitendo cha kuondoka bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Upande wa Magharibi mtu wa namna hiyo alipokewa kama mkimbizi. Kwa wenzake wa Zschopau, waliobaki na kazi ya miaka mingi iliyokwenda na mtu mmoja, pengine lilifaa neno jingine kabisa. Tukiandika alihama, tunaficha kwamba aliondoka kwa siri. Tukiandika alisaliti, tumekwisha kuketi katika kiti cha hakimu ambacho hatukupewa. Tunapendekeza alitoroka, kwa kuwa kitenzi hicho husema mambo mawili tu ambayo yana hakika, kwamba aliondoka na kwamba hakuaga. Lakini tunaonya kwamba jina litokanalo nacho, yaani mtoro, lina lawama ndani yake kwa watumiaji wengi, nalo liepukwe. Vivyo hivyo, alichokwenda nacho kichwani kiitwe ujuzi. Neno siri litumike pale tu maandishi ya asili yanapolitumia.

Tumelikalia jambo hili kwa muda mrefu si kwa mapenzi ya pikipiki. Wasomaji wetu wengi wanafanya kazi mahali ambapo majalada hupita mikononi mwao kila siku, na ndani ya majalada hayo wamo watu walioondoka mahali fulani bila kuaga: mfanyakazi, mwanafunzi, askari, mkimbizi. Neno atakalochagua mfasiri ndilo atakalolikuta afisa mwenye kuamua, naye aghalabu hatayaona maandishi ya asili. Ekzosi ikiitwa vibaya, fundi ataigundua kwa macho yake. Mtu akiitwa vibaya kwenye karatasi, huenda asipatikane wa kumsahihishia.

Mapendekezo haya si amri. Walimu wa ufundi, mafundi wa gereji na wafasiri wenzetu wanaombwa watuletee maoni yao, hasa maneno yanayotumika katika karakana zao ambayo sisi wa ofisini hatujayasikia.