Nora alipokatazwa kuondoka

Desemba 21, 1879, katika Ukumbi wa Kifalme mjini Copenhagen, mwigizaji Betty Hennings, akiwa Nora Helmer, alimwaga mumewe, akawaacha watoto watatu wamelala, akatoka na kufunga mlango. Kila mwaka tarehe hiyo ikifika, wapenzi wa tamthilia huikumbuka Et dukkehjem, yaani Nyumba ya Mwanasesere, ya Mnorwe Henrik Ibsen. Kitabu chenyewe kilikuwa kimetoka mwanzoni mwa mwezi huohuo, na nakala 8,000 za kwanza zilimalizika upesi.

Kosa la Nora lilikuwa kughushi saini ya baba yake ili apate mkopo wa kumpeleka mume mgonjwa Italia. Enzi hizo mke hakuweza kukopa bila idhini ya mumewe. Kisa hicho kilitoka kwa mtu halisi. Michael Meyer, aliyeandika wasifu mkubwa wa Ibsen, anasimulia habari za Laura Kieler, mwandishi kijana aliyekopa kwa siri ili mumewe atibiwe kifua kikuu. Siri ilipofichuka, mume alimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kutaka talaka. Baadaye Laura alimsihi amrudishe nyumbani kwa ajili ya watoto.

Ugomvi mkubwa ulizuka Ujerumani mwaka 1880. Mwigizaji maarufu Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza mwisho ule, akisema yeye mwenyewe asingewaacha watoto wake kamwe. Ibsen alikuwa amebanwa. Hapakuwa na mkataba wa hatimiliki uliolinda kazi za Wanorwe nchini humo, hivyo mtu yeyote angeweza kuibadili tamthilia atakavyo. Akaona heri aiharibu kwa mkono wake kuliko kuharibiwa na wengine. Katika mwisho huo mpya, Helmer anamvuta Nora hadi kwenye mlango wa chumba cha watoto. Nora anawatazama, nguvu zinamwishia, anaanguka, pazia linashuka. Ibsen mwenyewe aliliandikia gazeti moja la Denmark kwamba mabadiliko hayo ni unyama dhidi ya kazi yake. Lakini toleo hilo lilichezwa Flensburg, kisha katika miji mingine. Watazamaji wa Berlin walilalamika, na hatimaye Niemann-Raabe naye akaurudia mwisho wa awali.

Meyer anashikilia kwamba tamthilia hii inahusu haja ya kila mtu kujitambua, awe mwanamke au mwanamume. Ibsen naye aliwaambia wanaharakati wa haki za wanawake wa Norwei mwaka 1898 kwamba hakuwa amedhamiria kuwapigania. Nawaheshimu wote wawili, ila ugomvi wa Ujerumani unanipa jibu tofauti. Hakuna mwigizaji aliyegoma kwa sababu ya saini ya kughushi wala deni la siri. Kilichomshinda Niemann-Raabe ni mama kutoka nje ya mlango.

Sheria zilisonga mbele. Mwaka 1888 wanawake walioolewa Norwei walipata mamlaka juu ya mapato yao, na mwaka 1913 wanawake wote wakapata kura. Mwaka 2001 UNESCO iliuweka muswada wa tamthilia hii katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ilimpa mke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Nora wa leo angeenda benki kwa jina lake mwenyewe.

Hukumu ya jamii, hata hivyo, haijasogea kwa kasi hiyo. Baba akihama nyumbani, majirani huuliza amepata kazi wapi. Mama akihama, huulizwa watoto kamwachia nani, hata kama alitoka na majeraha.

Kwa hiyo vikundi vya sanaa na walimu wanaoipandisha tamthilia hii jukwaani wasiulainishe mwisho wake kwa kuhofia kuwaudhi wazazi. Nora atoke, na mlango ufungwe kama Ibsen alivyouandika.