Nani Alisema Lazima Chuma?

Mtaani ukivunjika mkono, watu hawakuulizi kama unauma. Wanauliza, "Wamekuwekea chuma?" Chuma kimekuwa kama cheti. Mwenye chuma alivunjika kweli, mwenye plasta tu tunamwona kama aliyeteguka. Nimekuwa nikisoma kilikotoka hiki chuma, na kadiri ninavyosoma ndivyo naona tumekipa sifa ambazo nyingine si zake.

Tuanzie mbali. Kuna maandishi ya mafunjo kutoka Misri, ya takriban mwaka 1600 KK, ambayo Mmarekani mmoja kwa jina Edwin Smith aliyanunua Luxor mwaka 1862. Ndani yake kuna visa 48 vya majeraha, vikianzia kichwani na kushuka. Kwa mkono wa juu uliovunjika, daktari anaelekezwa amlaze mgonjwa chali, auvute mkono mpaka mfupa urudi mahali pake, halafu aufunge kwa kitani kilichokazwa kama banzi. Hiyo inatibika. Kisha kinafuata kisa kingine: mfupa ni ule ule, lakini juu yake kuna kidonda kilichozama hadi kwenye mvunjiko. Hapo daktari anaambiwa huu si ugonjwa wa kutibu. Tofauti yote iko kwenye ngozi.

Kwa zaidi ya miaka 3,000 hesabu hiyo haikubadilika sana. Ngozi ikipasuka, usaha unaingia, na baada ya hapo ni kukatwa mkono au kaburi. Sasa nani mwenye akili zake angechukua kisu akapasua ngozi nzima makusudi, ati anafuata mfupa? Wachache walithubutu. New York, mwaka 1827, daktari Kearny Rodgers alifungua mkono wa juu ambao mfupa wake ulikuwa umekataa kuunga, akatoboa ncha zote mbili na kuzifunga pamoja kwa waya wa fedha. Dawa ya usingizi ilikuwa bado karibu miaka 20 mbele. Waya ulichomoka baada ya wiki mbili na kitu, lakini mfupa ukaunga. Mimi huwa namfikiria mgonjwa kuliko daktari.

Kilichofungua mlango kilikuwa usafi. Joseph Lister, huko Glasgow, Agosti 1865, alitibu mguu wa mtoto wa miaka 11 uliokanyagwa na mkokoteni. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, na yeye akafunika kidonda kwa kitambaa kilicholowa kaboliki. Mtoto akapona na mguu wake. Miaka michache baadaye, akiwa Edinburgh, Lister alifanya jambo ambalo ni la kwetu hapa: alikipasua kiwiko cha mtu ambaye ncha yake ilikuwa imevunjika na haijaunga, akaishona kwa waya wa fedha. Waya wa fedha haukuwa mgeni. Rodgers alikuwa nao. Kilichokuwa kipya ni kwamba sasa daktari angeweza kufungua mkono akitarajia mtu arudi nyumbani.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Eksirei ilikuja 1895. London, Arbuthnot Lane akawa anafunga mifupa kwa mabamba ya chuma bila kuruhusu hata kidole kugusa kidonda. Antwerp kulikuwa na Albin Lambotte, huyu ndiye nampenda zaidi, fundi aliyetengeneza vifaa vyake mwenyewe na pia alichonga fidla. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kizima kuhusu kuunga mifupa kwa upasuaji. Lakini mabamba ya enzi hizo yalishika kutu ndani ya mwili, mengine yakavunjika. Madaktari wengi wakaona afadhali plasta. Vienna, Lorenz Böhler aliijenga plasta hadi ikawa sayansi kamili.

Na plasta ni nzuri, isipokuwa kwa kiwiko.

Kiwiko hakisamehe kutulia. Binamu yangu ni mwendesha boda. Alianguka akavunja ile ncha unayoegemeza mezani. Hospitali wakamwambia atafute pesa ya chuma, wakamfunga plasta asubiri nayo. Michango ya WhatsApp ilichukua miezi miwili. Kufikia hapo kiwiko kilikuwa kimeshajifunga kama bawaba yenye kutu. Chuma alikuja kuwekewa, ndio, lakini mkono unakunjika nusu tu, na kufunga kifungo cha juu cha shati anahitaji mtu. Watu bado wanamwambia ana bahati alipata chuma.

Hiyo ndiyo shida ambayo madaktari 13 wa Uswisi walikutana kuijadili Biel mwaka 1958, wakaanzisha kikundi kilichojulikana kama AO. Walichokuwa wanataka hasa ni mgonjwa aanze kusogeza kiungo mapema, kabla hakijasahau kazi yake. Chuma kilikuwa cha kushikilia tu wakati huo. Kwa ncha ya kiwiko kuna mbinu iliyotokana na mawazo ya Mjerumani Friedrich Pauwels, na manze ni kitu cha kupendeza. Msuli wa nyuma ya mkono huivuta ile ncha iliyovunjika, ndiyo maana vipande huachana. Sasa chukua pini mbili nyembamba na waya uliozungushwa kwa umbo la nane upande wa nyuma. Ukikunja kiwiko, ule mvuto uliokuwa unatenganisha vipande unageuka kuwa wa kuvikandamiza pamoja. Pini mbili na waya. Lakini mgonjwa lazima akunje mkono.

Mkono wa juu nao una hadithi tofauti. Mwaka 1977 Augusto Sarmiento, mzaliwa wa Colombia aliyefanya kazi Marekani, alichapisha matokeo ya kuufunga kwa ganda la plastiki linalokazwa, huku bega na kiwiko vikiachwa huru. Baadaye, mwaka 2000, yeye na wenzake walitoa hesabu ya wagonjwa 620 waliofuatiliwa. Kwa wale ambao ngozi haikupasuka, walioshindwa kuunga hawakufika asilimia 2. Bila kisu. Na kisu hapo kina hatari yake, kwa sababu neva inayoinua kiganja inauzunguka mfupa huo kwa nyuma, imeulalia kabisa. Ikiguswa vibaya, kiganja kinaning'inia. Wapo wanaohitaji upasuaji kweli, waliopasuka ngozi, walioumia mishipa ya damu, waliovunjika vipande ndani ya kiungo chenyewe, na hao wasicheleweshwe hata siku moja. Wengine wanauziwa hofu.

Mwaka 2017 madaktari wa Edinburgh, mji ule ule wa Lister, walitoa matokeo ya utafiti kwa wazee wa miaka 75 na zaidi waliovunjika ncha ya kiwiko na vipande vikaachana. Kwa kura, wengine walipasuliwa na wengine wakaachwa bila kupasuliwa. Utafiti ulisimamishwa mapema, hata wagonjwa 20 hawajafika, kwa sababu waliopasuliwa walipata matatizo mengi mno. Mikono ya wale walioachwa ilikuwa inafanya kazi sawa tu na ya wenye chuma.