Mpapaso, Wala Si "Mguso wa Macho"

Orodha mpya ya istilahi za jukwaa inazunguka miongoni mwa walimu wa drama wa Nakuru. Imepigwa chapa safi. Kwenye sehemu ya vipengele vya kuonekana imetaja mstari, umbo, tungamo, nafasi na rangi. Na kwa kile kipengele cha sita, ambacho wengi wetu tumekuwa tukikiita tekscha kwa kukosa la kusema, imeweka "mguso wa macho". Waliokaa vikaoni kulitunga jina hilo siwataji. Wanajijua. Bila shaka hotelini walikolala walipapasa shuka kabla ya kujilaza, ila hawakujiuliza kitendo hicho kinaitwaje.

Kinachokusudiwa msomaji anakifahamu: gunia si hariri, na ukuta uliokandikwa kwa udongo si ukuta uliopigwa msasa, hata vyote vikipakwa rangi moja. Sitakaa hapo. Ugomvi wangu ni wa jina.

Mguso, kwanza, ni neno lenye kazi nyingi tayari. Mtangazaji wa kandanda analo: mguso wa kwanza, mguso wa pili, mpira umetoka. Muuza simu analo. Na katika tamthilia, ambako ndiko tunakogombania, mguso ni wa moyo. Mchezo wenye mguso ni mchezo uliomfanya mama wa safu ya tatu atafute leso. Mhakiki akiandika kwamba ukuta wa nyumba ya mlevi katika onyesho la pili ulikuwa na mguso mkubwa, msomaji atadhani ukuta ulilia, au uliliza. Kuongeza "wa macho" hakuponyi kitu. Kunazidisha tu, maana mguso wa moyo nao huingilia machoni.

Anayetaka ushahidi asiende mbali. Aprili 2025, fainali za kitaifa za tamasha la drama na filamu zilipofanyika hapa hapa Nakuru, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walikuja na mchezo wao, Echoes of War, ambao ulikuwa umezuiwa. Mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe kushiriki. Tarehe 10 waliimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza, na polisi wakarusha vitoa machozi. Mchezo huo nchi nzima iliuzungumzia kabla ya kuuona. Uligusa watu ambao hawakuona pazia, hawakuona vazi, hawakuona ubao mmoja wa mandhari ya jukwaa. Huo ndio mguso, na ulipatikana bila jicho kutua kwenye ukuta wowote. Kipengele cha sita hakiwezi kupatikana hivyo. Pasipo uso wa kitu na mwanga wa kuuonyesha, hakipo.

Pili, macho ya Mswahili hayagusi. Tunatupa jicho, tunakodoa macho, tunakaza macho, tunapitisha macho. Katika vitenzi hivi mimi nakipenda hicho cha mwisho, kwa kuwa kupitisha macho polepole juu ya uso wa kitu, kwenda na kurudi, ukitafuta kilipoinuka na kilipobonyea, ni kupapasa. Kugusa ni mara moja na mahali pamoja: ncha ya kidole, basi. Mtu hawezi kujua kama ubao una vibanzi kwa kuugusa; ataupapasa. Mshonaji anayechagua kitambaa cha maleba hakigusi, anakipapasa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalo neno papasa, nalo lilikuwapo vinywani mwa watu muda mrefu kabla ya Johnson na kabla ya vikao vyote vya istilahi.

Wenzetu wa lugha za Ulaya walipita njia nyingine, na inafaa kuitazama, kwa sababu nashuku orodha ilianza kuifuata kisha ikapotea. Neno lao linatoka kwenye kitenzi cha Kilatini, texere, yaani kufuma. Kwa Mrumi, uso wa kitu ulikuwa kitambaa: nyuzi zimesimama, nyuzi zimelala. Pwani yetu nayo haikuwa ngeni kwa kazi hiyo. Wafumaji wa Pate walisifika kwa hariri hata Wareno wakaandika habari zake, na Kiswahili kina mtande kwa nyuzi zinazotandazwa kwanza na mshindio kwa zile zinazopitishwa katikati yake. Kwa hiyo njia ya kufuma ilikuwa wazi. Lakini -fuma imekwisha kutupa mfumo, nao mfumo umechukuliwa na serikali, elimu na kompyuta. Dada yake, -suka, ametupa msuko, nao umo katika kila kitabu cha fasihi cha sekondari ukimaanisha mpangilio wa matukio. Nyumba zote mbili zina wapangaji. Mtu angeweza kung'ang'ania mshindio, na nakiri jina hilo lina utamu wake, lakini nani leo katika shule ya Kaptembwo anajua mshindio ni nini? Mrumi alitazama kitambaa. Sisi tutazame kidole.

Ndipo nasema mpapaso. Umbo lake ni la kawaida kabisa: m- mbele, -o nyuma, kama mwendo kutoka -enda, mchezo kutoka -cheza, mshiko kutoka -shika. Huo mshiko ndio unaowajibu wale wanaoniambia kwamba anayepapasa ni mkono, hivyo mpapaso ni mali ya mkono, si ya ukuta. Anayeshika ni nani? Ni mkono. Lakini tunasema jembe hili lina mshiko mzuri, na hakuna aliyewahi kuligomea jembe. Vivyo hivyo ukuta una mpapaso.

Zaidi ya hayo, kupapasa ni kitendo cha gizani. Mtu hupapasa kutafuta kiberiti umeme ukikatika. Mtazamaji naye amekaa gizani, mbali na jukwaa, haruhusiwi kulipanda, na mkono wake umebaki mapajani. Jicho ndilo linalotumwa kwenda kupapasa. Sijui kama kuna lugha iliyopata bahati ya neno linalobeba giza la ukumbi ndani yake. Sisi tulilipata bure, tukaletewa maneno matatu badala yake.

Kuna mpinzani wangu mmoja, msomi, ambaye katika mkutano alisimama akasema mpapaso ni neno lisilo na adabu, kwamba kupapasa ni jambo linalotokea kwenye matatu za jioni na kuishia kituo cha polisi. Watu walicheka. Akaongeza kwamba linakumbusha papasi, wale kupe wa nyumba za udongo. Wakacheka tena, na hoja yangu ikazikwa kwa kicheko, jambo ambalo naliona si utaratibu wa kitaaluma. Nitajibu hapa kwa kuwa pale sikupewa kipaza sauti. Kushika pia kunawapeleka watu polisi, lakini mshiko upo. Kugusa vilevile, tena kwa makosa yale yale, na bado mpinzani wangu analilea neno hilo. Ama kuhusu papasi, mtu akisikia mpapaso akawaza kupe, basi tatizo ni nyumba aliyolelewa, na nyumba hiyo naiheshimu, kwani ukuta wake ulikuwa na mpapaso kuliko ukumbi wote tuliokuwa tumekaa siku ile.

Mafundi wana maneno yao. Fundi wa rangi wa huku kwetu Rhonda akitazama kazi atakwambia, "Mwalimu, hii ukuta bado ni rafu," na akiridhika atasema finishi imekubali. Rafu ni neno zuri, lina nguvu, lakini ni upande mmoja tu wa sarafu, na kwenye kandanda linaleta kadi ya njano. Huwezi kuuliza rafu ya hariri ni ipi. Mpapaso hauegemei upande: upo wa kukwaruza, upo wa kuteleza.

Na Rhonda ni mahali pa kujifunzia jambo hili kuliko darasa lolote. Jina la Nakuru lenyewe Wamaasai walilitoa kwenye vumbi, na vumbi hilo haliulizi ruhusa. Linalala kwenye bati jipya mpaka ubaridi wa chuma upotee, bati linaonekana kama lina manyoya. Chukua ukuta wa mabati unaotazama kaskazini, mwezi wa Juni. Saa mbili asubuhi jua linaupiga kutoka ubavuni, na kila mgongo wa bati unatupa kivuli kwenye bonde lililo jirani. Ukuta mzima unasimama kwa mistari. Saa sita jua limepanda, mwanga unateremka sambamba na migongo ile ile, vivuli vinakufa, bati linakuwa karatasi. Ukuta wa udongo jirani yake unafanya kinyume. Saa sita ndipo unapoonyesha kila kidole cha aliyeukandika, kwa kuwa vidole vilipita kwa kulala na mwanga unashuka kwa kusimama. Rangi haijabadilika, umbo halijabadilika, mstari wa paa uko pale pale. Kilichobadilika ni kitu cha sita, na ndicho kinachodai jina lake.

Jukwaani tunakitengeneza kwa vitu vya bei ndogo. Fremu ni ya mbao za inchi mbili kwa moja. Inavikwa gunia lililofumuliwa au katoni iliyolowekwa, juu yake uji wa gundi ya mbao, rangi ya maji na vumbi la mbao. Uji ukiwa mbichi unaburuzwa kwa kitana cha meno mapana, au kwa ufagio, au kwa viganja. Ukikauka unapigwa rangi nzito hadi mashimoni, kisha inakuja brashi kavu yenye rangi hafifu, inapitishwa juu juu ili ishike migongo tu na mabonde yabaki na giza lake. Ukiwa karibu utaona uchafu. Ukiwa safu ya kumi utaona nyumba iliyonyeshewa miaka mingi. Wanaochora mawe kwa penseli na rangi ya mafuta juu ya turubai tupu huwa nawahurumia, maana taa ya kwanza kutoka pembeni inawaumbua.

Hilo si langu. Adolphe Appia, mbunifu wa jukwaa Mswisi aliyezaliwa Geneva mwaka 1862, alilipigania maisha yake yote: mwigizaji ana mwili wenye kina, anatupa kivuli, halafu anasimamishwa mbele ya mti uliochorwa bapa. Alitaka ngazi na nguzo za kweli, na mwanga wa kuzichonga. Stanley McCandless wa Chuo Kikuu cha Yale, katika kitabu chake cha 1932, akafundisha kumulika kila eneo la jukwaa kwa taa mbili, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45, ili uso wa mtu usisawazishwe kama sahani. Walimu wa hapa wanaolalamika kwamba kumbi za shule hazina taa za kisasa wanasahau kwamba kumbi hizo zina madirisha ubavuni. Mchezo wa saa nne asubuhi katika ukumbi wa namna hiyo una mwanga wa pembeni wa bure. Tunaharibu wenyewe kwa kuziba madirisha kisha kuwasha balbu mbili kubwa mbele ya jukwaa.

Wenye kijiji cha Kamirithu, Limuru, hawakuhitaji kufundishwa. Mwaka 1977, kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, walijijengea jukwaa lisilo na paa, nyuma yake ukuta wa mianzi uliopinda nusu duara. Fikiria mwanzi chini ya jua la Limuru: mviringo, pingili, mwanya, kivuli, tena mviringo. Hakuna turubai iliyochorwa ambayo ingeshindana nao, na watazamaji wenyewe walikaa kwenye mbao zilizopangwa kama ngazi, mpapaso juu ya mpapaso. Serikali iliufuta mchezo baada ya wiki chache, na mwaka 1982 ikalibomoa jukwaa lenyewe. Waliobomoa walijua kwamba ukuta ule haukuwa pambo.

Kuhusu tungamo sisemi mengi. Limekopwa kutoka kwa watu wa fizikia, na mimi nikilisikia nawaza damu na maziwa ya mgando, lakini limekwisha kuzoeleka na sina nguvu za vita viwili. Mstari, umbo na rangi hazina ugomvi. Nafasi inatosha.

Matumizi, basi, kwa haraka. Ngeli ni ya M/MI: mpapaso huu, mipapaso hii. Sifa zipewe kwa hisia ya mkono, si kwa uzuri: mpapaso mkavu, mpapaso wa mchanga, wa manyoya, wa kuteleza. Mchora jukwaa aandike kwenye mchoro wake "ukuta wa kushoto: mpapaso wa udongo, michirizi ya kulala". Mshona maleba asiweke mipapaso zaidi ya miwili kwa mhusika mmoja asiye tajiri. Na anayeshika taa, akisikia sauti kutoka ukumbini ikisema mpapaso umekufa, asiguse rangi wala asiongeze balbu. Asogeze taa pembeni.