Dola Zinazohesabiwa kwa Miezi

Kila wiki Benki Kuu ya Kenya hutoa taarifa yake, na ndani yake mna mstari mmoja ambao magazeti huudaka mara moja: akiba ya fedha za kigeni imefika dola bilioni kadha, sawa na miezi kadha ya uagizaji bidhaa. Mwenye duka la pembejeo kule Njoro huenda asiusome mstari huo, lakini bei ya mfuko wa DAP kwenye rafu yake inahusiana nao sana. Mbolea hiyo imenunuliwa ng'ambo kwa dola, ikapakuliwa Mombasa, kisha ikapandishwa huku Bonde la Ufa kwa lori linalokunywa dizeli iliyonunuliwa kwa dola vilevile.

Kinachoitwa akiba hapa ni mali ya nje iliyo mikononi mwa Benki Kuu, na ambayo inaweza kutumika bila kuchelewa: dola, euro na pauni zilizowekwa katika benki za nje, hati za dhamana za serikali kubwa kama Marekani, haki za nchi katika Shirika la Fedha la Kimataifa, na dhahabu, ambayo kwa Kenya ni kidogo mno. Wako wanaoandika "hazina ya fedha za kigeni". Mimi naikwepa, maana Mkenya akisikia Hazina anawaza wizara ya fedha, na hizi si pesa za bajeti. Serikali ikitaka dola za kulipa deni la nje, inazinunua Benki Kuu kwa shilingi.

Wala akiba si jumla ya dola zote zilizomo nchini, na hapo ndipo wengi huteleza. Chukua waridi la Naivasha. Linakatwa asubuhi katika vibanda vya plastiki kando ya ziwa. Kwenye banda la kufungashia linapangwa na wenzake wa urefu mmoja, yanafungwa shada, yanaingizwa chumba cha baridi, kisha lori la jokofu linayapeleka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na baada ya muda mfupi yako Uholanzi. Euro zinazolipwa zinaingia kwenye akaunti ya shamba katika benki ya biashara. Hizo bado si akiba. Zinakuwa akiba siku Benki Kuu inapoingia sokoni ikazinunua kwa shilingi, na isiponunua, benki ile itamuuzia mwagizaji wa matairi au ngano na zitaondoka zilivyokuja.

Enzi ya pareto mambo yalikuwa tofauti. Wakulima wa Molo, Elburgon na Mau Narok walikausha maua yao, yakasindikwa Nakuru mjini, na katika miaka ya kilele Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote duniani. Chini ya sheria ya kudhibiti fedha za kigeni, mauzo ya nje yalipaswa kugeuzwa shilingi kupitia benki zilizoidhinishwa, na mtu binafsi kukaa na dola mfukoni bila kibali lilikuwa kosa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1995. Pareto nayo ikadidimia miaka ya 2000, wakulima wakichoka kungoja malipo na kung'oa mashamba.

Kuhesabu akiba kwa miezi kuna maana yake. Tungezuiwa leo kupata dola hata moja kutoka nje, hizi zilizopo zingetununulia mafuta, dawa, ngano na mashine kwa muda gani? Benki Kuu inatakiwa kujitahidi isiteremke chini ya miezi 4, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imejiwekea lengo la miezi 4.5. Kipimo hiki kina pande mbili: miezi huongezeka dola zikiongezeka, lakini pia huongezeka bili ya uagizaji ikipungua. Kwa hiyo mvuke wa ardhini wa Olkaria, ulioanza kutoa umeme mwaka 1981, una mchango wake hapa hata kama hauuzwi nje. Kila yuniti yake ni dizeli ambayo hatukuiagiza.

Mwenendo wa akiba katika miaka yote hiyo haujawahi kuwa mstari ulionyooka. Baridi kali ilipoteketeza kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ilipaa na akiba ya Kenya ikanona, kisha uagizaji wa kupindukia na mafuta ghali vikaila kabla muongo haujaisha. Mapema miaka ya 1990 wafadhili walifunga mifereji ya misaada, na sakata la Goldenberg likawalipa watu kwa mauzo ya dhahabu na almasi ambazo nchi haikuwa nazo. Mwaka 2023 akiba iliteremka chini ya miezi 4. Waagizaji walipanga foleni ya dola, na bei waliyotajiwa na benki ilikuwa juu kuliko ile iliyochapishwa rasmi. Serikali iliingia mkataba wa kuchukua mafuta ya Ghuba kwa mkopo wa siku 180 ili kupunguza msukumano. Hata hivyo, Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160.

Mwezi uliofuata Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 katika masoko ya kimataifa ili kununua sehemu ya bondi ya bilioni 2 iliyochukuliwa mwaka 2014. Hofu ikatulia, shilingi ikapanda hadi karibu 130, na Benki Kuu ikaanza kununua dola sokoni. Mwaka 2025 akiba ilivuka bilioni 10.

Neno akiba linatupotosha kidogo hapo. Kwa kawaida anayeweka akiba ameweka ziada yake, lakini katika bilioni hizi zimo za waridi na chai, zimo za mkopo, na zimo za ndugu zetu walio ughaibuni, waliotuma zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024, kiasi kinachoipita chai na maua kila moja kwa mbali. Dola ya nesi aliyeko Marekani, anayemlipia mdogo wake karo ya Chuo Kikuu cha Egerton, haina mdai. Ya bondi ina tarehe ya kurudi kwa mwenyewe, pamoja na riba, na taarifa ile ya kila wiki huzijumlisha zote katika tarakimu moja.